UZI: AI na mwalimu mpya, tunabishania nini hasa?

1/
Ukifuata mijadala ya elimu huku Nakuru, kuna sentensi mbili hazikosi. Ya kwanza: "AI itamaliza uhaba wa walimu." Ya pili: "AI itaua kazi ya ualimu." Zote mbili hupigiwa makofi, na zote mbili zinaruka swali lenyewe. Wacha tulifungue polepole. Kanuni yetu ni ile ile: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama.

2/
Akili unde, hii wengi tunaiita AI tu, ni programu unayoiandikia ombi nayo inakujibu kwa maandishi. Mwalimu anaandika "nitayarishie somo la sayansi, Gredi ya 7", na baada ya sekunde chache anapata ukurasa mzima: matokeo, shughuli, maswali, hadi kazi ya nyumbani. Haimjui mwalimu wala shule yake. Inapanga maneno kutokana na maandishi mengi iliyofunzwa nayo. Shika hapo, tutarudi.

3/
Andalio la somo ni nini? Wazazi wengi hawajawahi kuliona. Chini ya CBC lina mada, mada ndogo, matokeo maalumu yanayotarajiwa, swali dadisi, vifaa, umilisi wa kimsingi, maadili, masuala mtambuko, hatua za somo moja baada ya nyingine, halafu mwishoni tafakari: somo lilikwendaje? Yote hayo ni ya kipindi kimoja. Dakika 40.

4/
Sasa piga hesabu. Tuseme mwalimu ana vipindi 28 kwa wiki na kila andalio linamchukua dakika 20. Hizo ni dakika 560, yaani saa 9 na dakika 20. Juu ya kufundisha. Juu ya kusahihisha. Juu ya michezo, zamu na mikutano. Ukisikia mwalimu anasema anaandika maandalio usiku, usidhani anajidai.

5/
Na huyu mwalimu ni nani? Sekondari msingi, JSS, ilianza Januari 2023 na Gredi ya 7, ndani ya shule za msingi. Shule nyingi zilianza na mwalimu mmoja tu wa JSS. Mwalimu wa sekondari huwa amesomea masomo mawili chuoni. JSS, hata baada ya masomo kupunguzwa mwaka 2024, ina masomo 9. Fanya kutoa.

6/
Ndiyo maana unampata aliyesomea Historia na Dini akifundisha sayansi, na aliyesomea Kiswahili akifundisha kilimo. Hajakataa kazi. Amepewa ratiba, amesimama mbele ya watoto. Usiku anasoma kile atakachofundisha kesho asubuhi.

7/
Wengi waliingia kama intern, kwa posho ya Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mwaka 2024 waligoma, na suala lao likafika mahakamani. Januari 2025, intern 46,000 waliingizwa kwenye ajira ya kudumu, kisha wengine wapya wakachukuliwa kwa masharti yale yale ya intern. Kwa hivyo kila tunaposema "mwalimu mpya" kwenye uzi huu, weka picha hiyo akilini.

8/
Kisha kuna TPAD, ile tathmini ya utendakazi ya TSC. Inataka nyaraka: azimio la kazi, andalio la somo, rekodi ya kazi. Mwalimu asiye na karatasi anaonekana hajajiandaa, hata kama somo limemkaa kichwani. Mwenye karatasi anaonekana yuko sawa, hata kama hajaisoma.

9/
Ndiyo maana biashara ya maazimio na maandalio yaliyo tayari ilikuwepo kabla ya AI. Yanauzwa mtandaoni, yanachapishwa saiba, yanazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Mtu anabadilisha jina la shule na tarehe, basi. Kwa hivyo anayesema AI ndiyo imeleta uvivu wa kunakili, mwambie taratibu: tulikuwa tunanakili zamani. AI imefanya kunakili kuwe haraka na bure.

10/
Lakini je, inasaidia kweli? Kuna jaribio zuri la Uingereza, lililotolewa mwishoni mwa 2024. Walimu 259 wa sayansi katika shule 68. Nusu walitumia ChatGPT pamoja na mwongozo wa jinsi ya kuitumia, nusu wakaambiwa wasiguse. Waliotumia walichukua kama dakika 56 kwa wiki kuandaa masomo, wasiotumia kama dakika 81. Punguzo la 31%.

11/
Na ubora? Jopo la walimu wazoefu lilipewa masomo ya makundi yote mawili bila kuambiwa lipi ni la nani. Halikuona tofauti ya kutajika. Kwa hivyo watetezi wa AI wana hoja, tusiwafiche: muda unaokolewa, na somo haliharibiki. Dakika 25 kwa wiki kwa mwalimu aliyechoka si kitu kidogo.

12/
Lakini soma masharti kabla ya kushangilia. Hao walikuwa walimu wa sayansi wakiandaa sayansi. Walipewa mwongozo. AI ikileta upuuzi, walikuwa na uwezo wa kuuona na kuufuta. Chukua chombo hicho hicho umpe mwalimu wa Historia aliyepangiwa sayansi wiki iliyopita, peke yake, simu mkononi. Hilo ni jaribio tofauti kabisa.

13/
Wacha nitoe mfano wa hapa kwetu. Ni wa kubuni, lakini maji yenyewe ni ya kweli.

Mwalimu mpya yuko Gilgil. Kesho ana somo kuhusu maji safi. Anaandika: "Nitayarishie somo la kusafisha maji, Gredi ya 7, dakika 40." AI inaleta: kuchuja kwa kitambaa, kuchemsha, kutia dawa ya klorini, kuhifadhi kwenye chombo chenye kifuniko. Maswali matano. Safi. Hakuna kosa hata moja.

14/
Tatizo liko kwa kile kisichokuwepo. Bonde la Ufa la kati lina miamba ya volkano, na maji mengi ya visima huku, kuanzia Naivasha, Gilgil, Nakuru hadi Baringo, yana floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Floraidi ikizidi wakati meno ya mtoto yanajengeka, meno hutoka na madoa ya kahawia. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hufika kwenye mifupa.

15/
Na hapa ndipo somo letu safi linageuka. Kuchemsha hakutoi floraidi. Maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki pale pale, kwa hivyo unaikoleza. Klorini inaua viini, floraidi haiigusi. Inayosaidia ni mbinu nyingine, kama kuchuja kwa mkaa wa mifupa, kazi ambayo Jimbo Katoliki la Nakuru limeifanya kwa miaka mingi, au kukinga maji ya mvua.

16/
Sasa fikiria darasa. Kuna msichana wa miaka 13 ambaye huwa hacheki mbele za watu. Anafunika mdomo. Ameambiwa tangu Gredi ya 3 kwamba hapigi mswaki. Somo la maji lilikuwa nafasi yake ya kusikia: "Si uchafu, ni maji ya kisima." Badala yake amenakili hatua nne za kuchemsha maji, akapata tano kwa tano, akaenda nyumbani.

17/
Tuwe waadilifu. Ukiiuliza AI "floraidi kwenye maji ya Nakuru inaondolewaje?", inaweza kukupa jibu zuri tu. Ujuzi huo si siri. Lakini lazima ujue kuuliza. Mwalimu aliyekulia hapa, au aliyefundisha hapa miaka kumi, atauliza. Mgeni aliyetoka kaunti nyingine juzi, akifundisha somo ambalo hakulisomea, atajuaje?

18/
Hiyo ndiyo hoja ya uzi huu, ishike: mwalimu anayehitaji AI zaidi ndiye mwenye uwezo mdogo zaidi wa kuisahihisha. Mzoefu anaitumia kama kijana wa kumbebea mzigo. Anajua mzigo unaenda wapi. Mgeni anaitumia kama mtu wa kumwonyesha njia. Na yule wa kumwonyesha njia hajawahi kufika Gilgil.

19/
Kuna makosa mengine madogo madogo yanayompita mgeni. Somo la Biashara lililokuwa likisimama peke yake lilimezwa na Pre-Technical. AI inaweza kukuandalia kwa mpangilio wa zamani. Ukiiandikia kwa Kiswahili inaweza kukuletea "umahiri" wa mtaala wa Tanzania mahali sisi tunasema "umilisi". Inaweza kukwambia kila mwanafunzi afungue tabuleti yake, na wewe una watoto 60 na chaja moja ofisini.

20/
"Basi tupige marufuku." Ngoja. Marufuku itamwumiza nani? Mwalimu aliye karibu na mji, mwenye wenzake wanne wa sayansi shuleni, hatapoteza kitu. Atauliza meza ya pili. Aliye peke yake juu Kuresoi au ndani Tiaty ndiye atakayebaki na kitabu kimoja cha kiada na giza. Huyo AI ikimpa rasimu ya kuanzia, amesaidika. Na marufuku ya kitu kilicho kwenye simu ya mtu utaisimamia vipi?

21/
"Basi tuwape wote AI, tumalize." Ngoja tena. Kenya ina somo lake kuhusu hili. Kati ya 2011 na 2014 kulikuwa na jaribio lililoitwa PRIMR katika madarasa ya chini. Lililinganisha mambo: kuwafunza walimu na kuwatumia wakufunzi, kuongeza kitabu kwa kila mtoto, kisha kuongeza mwongozo wa mwalimu wenye somo la kila siku. Kilichofanya vyema zaidi ni kifurushi chenye vyote vitatu pamoja.

22/
Hapo ndipo ikazaliwa Tusome, kuanzia 2015, nchi nzima. Watu wanakumbuka vitabu. Wanasahau kwamba maafisa wa CSO, wale zamani tukiwaita TAC tutor, walipewa tabuleti na kazi ya kuingia darasani, kukaa nyuma, kutazama, kisha kuzungumza na mwalimu. Andalio lililoandikwa na wengine lilikuja na binadamu wa kumsaidia mwalimu kulitumia.

23/
Kwa hivyo AI inaweza kuchukua nafasi ya ule mwongozo wa maandishi, na labda kuupita, kwa sababu inaweza kubadilisha somo kulingana na ombi. Haichukui nafasi ya yule aliyekaa nyuma ya darasa. Ahadi yoyote inayokupa ya kwanza na kunyamaza kuhusu ya pili ni nusu ya dawa.

24/
Ingefanyika vipi kwa vitendo? Mwalimu anaanza na mtaala wa KICD wenyewe, si na AI. Anaipa mada ndogo, matokeo, idadi ya watoto, vifaa alivyonavyo kweli: chupa za plastiki, mchanga, mkaa. Anapata rasimu. Kisha, kabla ya kuingia darasani, mtu mmoja anayelijua somo na anayeijua sehemu hiyo anaisoma kwa dakika 10. Swali lake ni moja: "Hapa kwetu kinakosekana nini?"

25/
Huyo mtu si lazima awe na cheo. Anaweza kuwa mwalimu wa sayansi wa shule jirani kwa simu. Anaweza kuwa mwalimu mkongwe wa shule ya msingi hapo hapo uwanjani, ambaye ameona meno ya watoto wa kijiji hicho miaka 20. Lakini dakika 10 hizo lazima ziwe kazi inayotambuliwa kwenye ratiba yake. Zikibaki fadhila, zitafanyika wiki mbili za kwanza za muhula, basi.

26/
Kuna jambo moja zaidi halijadiliwi: majina ya watoto. Mwalimu akibandika kwenye AI orodha ya wanafunzi, alama zao, na "huyu ana shida ya kusoma", amezitoa taarifa za watoto nje ya shule. Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi. Mwalimu mpya ameambiwa na nani?

27/
Na bando analipa nani? Ukiambiwa "walimu wetu watatumia AI", uliza kwa simu ya nani na kwa mtandao wa nani. Kama jibu ni mfuko wa intern wa Sh20,000, hiyo haistahili kuitwa sera. Ni mchango wa lazima kutoka kwa mtu anayelipwa kidogo kuliko wote chumba cha walimu.

28/
Sasa siasa yenyewe: nani ana mamlaka gani? Katiba, Jedwali la Nne, inaipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Msingi na sekondari ni serikali ya kitaifa. Walimu wa JSS wanaajiriwa na TSC. Mtaala ni KICD. Kwa hivyo mgombea wa kaunti akikuahidi AI kwa walimu wa JSS, anakuahidi kazi ya ofisi nyingine. Kwa walimu wa chekechea, hapo sawa, mbane.

29/
Mbunge naye haajiri mwalimu wala haandiki mtaala. Lakini anapiga kura kuhusu bajeti, na anaweza kumwita waziri kamatini amhoji. Serikali ya kitaifa ilizindua Mkakati wa Kitaifa wa AI wa 2025 hadi 2030 mwezi Machi 2025. Mkakati upo kwenye karatasi. Kazi ya mbunge ni kuuliza umemfikia mwalimu wa Subukia kwa njia gani.

30/
Maswali matano ya kubeba barazani. Yanakili.

a) Nani atasoma rasimu ya mwalimu mpya kabla haijafika darasani, na atalipwa au kupunguziwa vipindi?
b) CSO wangapi wako kwenye eneo letu, na mwaka jana waliingia madarasa mangapi?
c) Bando na vifaa vinatoka mfuko upi?
d) Kuna mwongozo gani kuhusu taarifa za watoto?
e) Muda ukiokolewa, mwalimu atapumua, au ataongezewa vipindi?

31/
Hilo la mwisho ndilo la kuangalia sana. Chombo kikiokoa saa tatu kwa wiki, kuna mtu ofisini atapiga hesabu: "Basi anaweza kuchukua darasa lingine." Hapo sentensi ya kwanza, "AI itamaliza uhaba", inakuwa kweli kwenye karatasi: watoto wale wale, walimu wachache, maandalio mazuri yamejaa faili.

32/
Na wale wa sentensi ya pili, "AI itaua ualimu", nao wajibu: kabla ya AI, mwalimu mpya alikuwa anasaidiwa na nani? Ukimwuliza aliyeanza 2023 akiwa JSS peke yake, atakwambia alijisaidia. Kuutetea ualimu kwa kumwacha kijana apambane na masomo tisa usiku si kumtetea yeye.

33/
Kwa kifupi: tusibishane kama AI inaweza kuandika andalio. Inaweza, na itaendelea kuwa bora. Tubishane kuhusu dakika 10 za mtu wa kulisoma, nani atazitoa na nani atazilipia. Yule msichana wa Gilgil anayefunika mdomo hajui AI imeandika somo lake au la. Anachohitaji ni mtu mmoja, kabla ya kipindi kuanza, kuuliza: "Na maji ya hapa je?"

34/
Mwisho wa uzi. Kama wewe ni mwalimu wa JSS, hasa huku Njoro, Molo, Rongai, Baringo, tuambie hapa chini: rasimu yako inasomwa na nani? Usitaje shule wala mkuu wako. Mzazi, wewe uliza tu mwalimu wa mtoto wako ana vipindi vingapi kwa wiki. Anza na hapo.